Kioo cha nyuma cha pikapu kuukuu: mtumba, laminetidi ama tempa mpya? Na raba je?

Yangu ni Land Cruiser HJ47, pikapu, ile ya injini ya 2H ya dizeli, 3,980 cc, ambayo Toyota waliitoa kuanzia 1980 hadi 1984 kabla hawajaleta hii familia ya 70 tunayoiona kila mahali sasa. Kabla haijafika kwangu ilifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, na mtu wa Malindi ukimwambia gari imetoka kwenye chumvi hata hakuulizi zaidi, anainama tu kuchungulia chini. Mwezi wa pili nlikuwa narudi kutoka Ganda na nguzo za mvinje za kujengea banda, nimezifunga kwa kamba moja tu (makosa yangu, sikatai), bodaboda akanikatia mbele nikakanyaga breki, nguzo mbili zikateleza mpaka ndani ya kebini kupitia kioo. Sikuumia lakini vipande nlivitoa kwenye shati mpaka usiku, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe.

Baada ya hapo kila mtu ana ushauri. Huyu anasema tafuta mtumba, yule kata laminetidi (vioo viwili vilivyoshikanishwa), mwingine ati weka pespeksi, ile plastiki ngumu ya kuonyesha, uendelee na maisha. Nimezunguka karibu mwezi mzima na karatasi imebandikwa na tepu nyuma, kwa hivyo nawawekea hapa nlichokiona, atakayevunjikiwa asizunguke kama mie.

Kabla ya bei, kabla ya chochote, jua kioo chako ni bapa ama kimepinda. Usiamini macho, vuta uzi kona kwa kona kwenye mdomo wa bati, yaani ukingo wa tundu la kebini kinapokaa kioo, uzi ukigusa kila mahali ni bapa, ukiacha nafasi katikati kimepinda. Cha HJ47 yangu ni bapa kama kioo cha dirisha la nyumba, hiyo ni bahati kubwa maanake njia zote ziko wazi kwangu. Kama chako kimepinda hata kidogo, habari ya kukata laminetidi ya shiti isahau, wewe soma mtumba tu.

Mtumba kwanza

Uzuri wake unaeleweka. Kimetoka kwenye gari kama yako, saizi ni ileile, unene uleule, kona zileile, na ile mihuri midogo ya kona iko, kama wewe ni mtu wa kutaka gari iwe vile ilivyotoka kiwandani utalala usingizi mzuri. Bei pia ndo ya chini kabisa kwa vile nlivyoulizia, ukiondoa pespeksi.

Ubaya ni mbili. La kwanza ni vile kinavyotolewa. Jamaa wa gari bovu hana haja na raba inayoshika kioo kwenye bati, anaingiza bisibisi anakongoa, na pale bisibisi inapogusa ukingo inaacha kidonda kidogo ambacho hukioni ukiwa umesimama juani. Kioo cha tempa, yaani kilichopikwa kiwandani kiwe kigumu kama hivi vya nyuma, huweza kukaa na kidonda hicho miezi, halafu siku moja umefunga mlango kwa nguvu, pwaa, chote chini. Kwa hivyo ukienda kununua pitisha kidole ukingo wote, pole pole, na ukikuta mahali panakwaruza muulize bei ya kingine.

La pili ni watu kutojua tempa ni nini. Nlipata kimoja, kikubwa kuliko changu kwa kama sentimita moja, mwenye nacho akaniambia, "Ami, ikizidi utakata tu." Hakuna kitu kama hicho. Tempa hukatwa kwanza ikiwa kioo cha kawaida, halafu ndo inapashwa moto zaidi ya nyuzi 600 na kupulizwa hewa ghafla, ngozi ya nje inapoa mbele inajibana na ndani inabaki inavuta. Ile vita ya nje na ndani ndo nguvu yake na ndo maana ikivunjika inakuwa punje badala ya visu. Ukiigusa na almasi, ama grainda, ama ukitaka kutoboa tundu, umeimaliza. Kioo cha tempa hakikatwi, pima kabla ya kutoa pesa.

Laminetidi ya kukatwa

Hii ni vioo viwili vyembamba vimeshikwa na plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari yoyote. Ikipigwa inapasuka lakini haimwagiki, inabaki imeshikana. Kwa mtu wa mizigo hiyo peke yake ni sababu, maanake nguzo zangu zile zingekutana na laminetidi zingekipasua kweli lakini sidhani zingenifikia bega kirahisi hivo.

Kukata kwake ni kitu cha kutazama. Fundi wa vioo alikiweka mezani juu ya gunia, akapiga mstari wa almasi juu, akakigeuza, akapiga mstari ule ule chini, akagonga kwa chini kidogo kidogo mpaka ukasikia "tik" inakimbia. Juu na chini vimeachana lakini plastiki bado imeshika. Akamimina spiriti kiasi cha kijiko kwenye ule mstari, akawasha, mwali wa buluu ukatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama kitu cha sinema, plastiki ikalegea, akavuta vipande kidogo vikaachana nafasi ya wembe, akapitisha wembe, kwisha. Dakika kumi. Kona za duara zilichukua muda zaidi kwa sababu alizila kidogo kidogo kisha akapiga msasa na maji. Usikubali ukingo mkavu mkali, utakata raba kutoka ndani na utapasukia hapo hapo.

Sasa shida iko kwenye unene, na hapa watu wengi wanaumia. Laminetidi inayopatikana kirahisi madukani ni ya majengo, 6.38 mm, yaani 3 na 3 na plastiki ya 0.38. Kioo changu cha zamani nlipima kipande kwa vernia (kipimo cha milimita) nikapata 5. Mtaro wa raba umetengenezwa kwa 5. Ukilazimisha 6.38 itaingia, nimeona imeingia, lakini midomo ya raba inafunuka haikai kwenye bati, na mvua ya kwanza ya masika unakalia kiti chenye maji. Halafu fundi anakwambia raba mbovu. Raba haina makosa!

Cha kufanya ni kutafuta shiti bapa la laminetidi ya gari, ile ya 2.1 na 0.76 na 2.1, ukijumlisha unapata karibu 5 kamili. Malindi sikuipata, nlipata Mombasa, na kwa sababu kioo changu kilikuwa punje tupu sikuwa na cha kuigiza, ikabidi nitengeneze ramani ya plaiwudi, yaani kiolezo cha kukatia. Hesabu yake ni hii: pima tundu la bati, upana na urefu, mahali patatu kila upande kwa sababu kebini za zamani zimejipinda, halafu pima ile nyama ya raba iliyo kati ya mtaro wa kioo na mtaro wa bati, toa mara mbili. Yangu nyama ni 5 mm, kwa hivyo kioo kikawa kidogo kuliko tundu kwa 10 mm kwenye upana na 10 mm kwenye urefu. Nenda na raba dukani pia, hata kipande, fundi mzuri atataka kukijaribisha kabla ya kukata.

Ubaya mwingine wa laminetidi ni wa pwani hasa. Ukingo ukikaa na unyevu wa chumvi miaka na miaka plastiki inaanza kuachana na kioo, unaona kingo zinakuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Haidhuru usalama haraka lakini inaudhi.

Tempa mpya ya kuagiza

Unapeleka ramani, wanakata kioo cha kawaida cha 5, wanasaga ukingo, ndo kinaingia tanuri. Kinakuja safi, unene sawasawa, kinaingia kwenye raba bila ugomvi, na ukitaka tundu la skru ama kona ya ajabu unasema mapema wanatoboa kabla ya moto. Mie kama gari ingekuwa ya maonyesho ama ya kutembelea wageni Watamu na Marafa ningechukua hii bila kufikiri.

Lakini ramani yako ikikosea milimita nne hakuna kurekebisha, ni kutupa. Na unangoja, bei nayo kwangu ilikuja karibu mara mbili ya laminetidi ukijumlisha usafiri.

Kuna hoja moja ya tempa ambayo rafiki yangu mmoja alinikaba nayo na alikuwa na haki: ukipinduka ama ukiingia majini milango ikabana, tempa unaigonga na kitu cha ncha inamwagika unatoka, laminetidi utaigonga mpaka uchoke, lazima uipige teke itoke na raba yake yote. Anayevuka mito na malaga (mito ya msimu) huko ndani ndani afikirie hilo. Mie mizigo ndo adui wangu kila siku, maji mara moja kwa miaka.

Pespeksi na kioo cha dirisha la nyumba

Pespeksi, vumbi la barabara ya Marafa na kitambaa kikavu miezi mitatu, huoni kitu nyuma. Kioo cha nyumba kikivunjika ni majambia, na kiko nyuma ya shingo yako. Tuendelee.

Raba, hapa ndo pesa iende

Watu wanabishana kioo wiki mbili halafu raba wanachukua yoyote. Mie nasema kinyume chake. Kioo chochote kati ya vile vitatu kitakaa, kinachoamua kama kebini itaoza ni raba na ule mdomo wa bati chini yake.

Raba ya zamani: ichukue uikunje kwa vidole viwili. Yangu ilikuwa imekakamaa kama ng'onda, ukiikunja inafunguka mistari. Raba ya hivyo hata uisugue mafuta gani hairudi, na mafuta yenyewe ni kosa maanake raba nyingi za kisasa za magari ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa, inavumilia jua na hewa ya bahari vizuri sana lakini mafuta ya petroli na grisi inavimba nayo. Ukitaka kulainisha tumia maji ya sabuni ama glisirini, basi. Kama ya zamani bado laini na kioo kilitolewa bila kuichana unaeza kuirudisha, sijakataza, lakini kwa gari ya miaka arobaini hapa kwetu na jua hili sijaona.

Raba ya mita: inauzwa imekunjwa kama mpira wa maji, rahisi, unakata unayotaka. Inafaa kama kona zako ni za duara kubwa. Kona kali inakunjamana kwa ndani, na pale ilipokunjamana mdomo unainuka. Kuna fundi mmoja alitaka kunikatia vipande vinne aviunge kona kwa kona kama fremu ya picha, nikamwambia kaka, hiyo ni milango minne ya maji. Ukitumia ya mita iwe na kiungo kimoja tu, uikate ndefu kidogo kuliko kipimo ili ijibane yenyewe maanake raba husinyaa, na kiungo mie nasema kiwekwe juu katikati. Wako wanaoweka chini ati hakionekani. Maji hulala wapi?

Raba ya kona zilizomwagwa kiwandani: inakuja duara zima, kona zimeshaumbwa, huungi kitu. Ndo niliyochukua. Iliagizwa kutoka Kirinyaga Road Nairobi ikaja na basi. Bei ilinitia kizunguzungu kwanza, ilikuwa inakaribia ya kioo chenyewe, lakini tangu niitie sijatafuta sponji. Ushauri mmoja tu kama unaagiza kwa simu: kata sentimita tano za raba yako ya zamani, uipige picha ya mkato, yaani ile sura ya upande inayoonyesha mitaro miwili, rula iwe kando. Jina la gari pekee halitoshi, wauzaji wanakupa inayofanana. Na uangalie kama yako ni ile ya kawaida ama ile yenye kamba ya kufungia juu, ambayo ukishaweka kioo unaisukuma ndani ya mfereji raba inatanuka inabana. Hizo ni raba mbili tofauti, moja haiingii mahali pa nyingine.

Silikoni na kilichokuwa chini yake

Aliyekuwa na gari kabla yangu alishawahi kuvujiwa, akamwaga silikoni pande zote, ile inayonuka siki. Nlipokuja kuibandua ilitoka vizuri tu, ndefu, kama ganda la ndizi, na upande wa ndani wa ganda kulikuwa na bati. Bati lenyewe limetoka nalo, rangi ya chai. Kona mbili za chini vidole vinapita. Ile harufu ya siki ni asidi kweli, inakula chuma kilicho wazi na inakula plastiki ya laminetidi pia, na mbaya zaidi inafungia maji ya chumvi ndani yasitoke. Kama lazima uweke kitu kwenye raba weka ile masitiki isiyokauka ya vioo vya magari, ama silikoni ya aina ya nyutro isiyonuka siki, kidogo, kati ya raba na bati. Raba nzuri kwenye bati lililonyooka haihitaji.

Kwa hivyo kabla ya kioo kuingia nlienda kwa welda, akakata sehemu iliyooza akaweka vipande viwili, tukasugua mdomo wote kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa, tukaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, rasti konvata (dawa ya kutuliza kutu), praima ya epoksi, rangi, nikaiacha siku nne. Siku nne fundi ananicheka kila akipita. Raba ikikalia rangi mbichi inaing'oa na unaanza upya. Hii kazi ya bati ilinichukua muda na pesa kuliko kioo na raba pamoja, na hakuna aliyenitajia nlipokuwa naulizia bei.

Kukifunga mwenyewe ama kumpa fundi

Kuna njia ya kubandika kwa gundi nyeusi kama kioo cha gari mpya. Kwa mdomo wa bati uliotengenezwa kwa raba mie sipendi, gari ikijinyonganyonga kwenye mashimo kioo bapa kilichobandikwa kinabeba mzigo wote, na siku ya kukitoa utalia.

Fundi wa vioo anakuja na kamba yake, nusu saa kazi imekwisha, na akikivunja wakati wa kufunga kwa kawaida ni juu yake, mkubaliane hilo kabla hajagusa. Kujifungia ni bure lakini mnahitaji watu wawili na roho ya subira. Nilijifungia. Raba unaivalisha kioo kwanza, uiache juani saa moja ilegee (jua la Malindi ndo mashine yetu), halafu unazungusha kamba ndani ya ule mtaro wa nje utakaoshika bati, ncha zipishane chini katikati kama shubiri moja. Maji ya sabuni kwenye bati. Mwenzako akiwa nyuma kwenye mizigo anakisukuma kwa viganja, si ngumi, wewe ndani unavuta kamba na mdomo wa raba unaruka juu ya bati mbele ya macho yako, chini kwanza, kona, pande, juu mwisho.

Kamba yenyewe ndo nlikosea mara ya kwanza. Nyumbani kuna mshipi wa kuvulia, nikaona huu mwembamba utaingia vizuri. Uliingia vizuri kweli, na nlipovuta ukapita kwenye raba kama kisu kwenye halua, nikachana mdomo karibu inchi mbili kabla sijashtuka. Tukatoa kila kitu, nikaibandika kwa supaglu, na mpaka leo kovu liko upande wa dereva. Tumia kamba ya nailoni ya 4 mm hivi, ya duara, laini.

Kujaribu maji anza chini upande kwa upande, dakika mbili mbili, halafu ndo upandishe maji kwenda juu. Ukianza juu maji yanashuka kila mahali hujui yameingilia wapi. Ndani nlibandika gazeti kavu chini ya raba yote, doa likitokea unaona hasa ni wapi. Langu lilitoka doa moja, kona ya abiria, mdomo ulikuwa umejikunja chini haukuruka. Nikauvuta kwa mpini wa kijiko cha chai nilichokilowesha sabuni, ukakaa. Gazeti la pili likatoka kavu.

Saa hii gari iko kwa welda tena, anatia fremu ya chuma nyuma ya kebini.